Mikwaruzo Iliyoonekana Mlangoni: Kisa cha Jiwe la Longido na Mashine Mpya

Jiwe lenyewe lilikuwa la Longido: kijani cha jani changa la mgomba, madoa mekundu ya rubi, na mistari myeusi iliyokatiza huku na huku. Umbo la yai, urefu milimita 30, upana 22. Nilipolitoa kwenye gurudumu la mwisho, chini ya taa ya karakana, liling'aa hadi nikajiona humo, pua na kila kitu. Nikampigia mteja simu: dada, jiwe lako tayari. Kisha nikatoka nalo mlangoni nilipige picha.

Jua la saa kumi lilikuwa linaingia kwa ubavu. Nikaligeuza jiwe kidogo tu, aibu ikaanza. Ubavuni kulikuwa na mikwaruzo myembamba, mingi yake imelala upande mmoja kama manyunyu kwenye kioo cha gari linalokimbia. Kileleni, mahali palipotakiwa kuwa mviringo, palikuwa na ubapa wa ukubwa wa punje ya mahindi. Mwanga ulikuwa unateleza vizuri mgongoni, ukifika hapo unakwama. Nilipopitisha ukucha, zile rubi zilikuwa zimesimama juu ya kijani kama vipele vya joto.

Nikampigia mteja tena, nikaomba wiki mbili.

Naandika kisa cha wiki hizo mbili kwa urefu kidogo, kwa sababu wanaoanza kazi hii huonyeshana mawe yaliyotoka vizuri, na yaliyoharibika hutupwa kimyakimya kwenye ndoo. Yangu yalikuwa tayari tisa kwenye ndoo kabla ya hili. Yale tisa nilisamehe, nilisema ni ugeni. Hili lilikuwa na mwenyewe.

Mashine, na aliyekuwa anaitumia

Mimi ni sonara, nafanya kazi ya fedha, Arusha. Mji huu unajua vito, lakini fahari yake ni faseti: tanzanaiti, tsavoraiti, rodolaiti, mawe yanayopitisha mwanga na kukatwa nyuso ndogo ndogo kwa pembe zilizopimwa. Kaboshoni haipewi heshima hiyo. Ni jiwe lenye mgongo wa mviringo na tumbo bapa, mithili ya yai la kuchemsha lililopasuliwa kati kwa urefu, na hukatwa zaidi mawe yasiyopitisha mwanga. Nilikuwa nazinunua zikiwa tayari, nyingi zikitoka Jaipur, India. Siku moja muuzaji akaniwekea mezani moja ya kijani na nyekundu, akataja bei, akaongeza kwa majigambo kwamba jiwe hilo ni adimu, linatoka Tanzania. Kutoka karakana yangu mpaka Longido ni kama kilomita 80, barabara ya Namanga. Nililipa. Lakini njia nzima nikirudi nilikuwa nahesabu zile fedha upya.

Ndipo nikaagiza mashine. Ni ile ya ekseli moja yenye magurudumu sita ya inchi 6. Mawili ya kwanza, namba 80 na 220, ni ya chuma kilichopakwa chembe za almasi; ni magumu, hayabonyei. Manne yanayofuata, 280, 600, 1200 na 3000, yana almasi kwenye rezini, aina ya plastiki, na chini ya rezini kuna tabaka la sponji, kwa hiyo ukilikandamiza jiwe linazama kidogo. Namba ni kama za msasa wa fundi seremala: inavyopanda, chembe zinakuwa laini. Chini kuna ndoo moja na pampu ndogo inayopandisha maji juu ya magurudumu yote. Yakishuka yanarudi ndoo ile ile. Kumbuka hiyo ndoo.

Mashine ilikuja ya volti 110, nikaiwekea transfoma. Kulikuwa na jambo ambalo sikulijua: transfoma inabadili volti, haibadili hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Mota iliyoandikwa mizunguko 1,725 kwa dakika kwenye umeme wa hezi 60 inazunguka kama 1,440 kwenye hezi zetu 50. Nilipoona mikwaruzo, huyu ndiye alikuwa mshukiwa wangu wa kwanza. Mshukiwa wa pili alikuwa gurudumu la 3000. Nikaamini nimeuziwa feki, nikaanza kuuliza bei ya jingine.

Washukiwa wote wawili hawakuwa na hatia. Mota ikizunguka taratibu inakuchelewesha tu, haichani jiwe. Na gurudumu la 3000 lilikuwa linafanya kazi yake sawasawa: lilikuwa linang'arisha mikwaruzo.

Mzee na ndoo

Kuna mzee mmoja jirani, amekata vito tangu mimi sijazaliwa. Nilimwendea nikiwa na jiwe mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mashine imekushinda?"

Nikampa jiwe. Hakulitazama hata dakika. Akaniambia twende karakana, na tulipofika akapita mashine, akachuchumaa kwenye ndoo. Akazamisha mkono mpaka chini, akautoa na tope la kijivu, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu na sikio, kama mama anayepima unga wa mashine.

"Sikiliza."

Tope lilikuwa linalia. Kwi, kwi.

"Hii imetoka kwenye 80. Pampu yako inaichukua inaipeleka wapi?"

Sikujibu. Ilikuwa inaipeleka kwenye 3000.

Halafu ndipo akalichukua jiwe, akalifuta kwa shati lake, akalipuliza likauka kabisa, akaliinamisha kuelekea dirishani. "Mara ya mwisho kulitazama hili likiwa kavu ni lini?"

"Leo mlangoni, mzee."

"Basi umeanza kulitazama leo."

Hapo ndipo kisa chote kilipo, na nitaeleza kwa nini. Jiwe likilowa, maji hujaza kila mfereji mdogo uliokatwa na almasi. Mwanga unaruka vizuri juu ya maji, na uso uliochanika unaonekana laini kama kioo. Mimi nilikuwa natoka gurudumu hadi gurudumu nikitazama jiwe lililolowa, na kila mara lilionekana limeiva. Kwenye 80 lilionekana zuri. Kwenye 220 zuri zaidi. Nilikuwa nasifu maji.

Na magurudumu ya sponji yanazidisha udanganyifu huo. Gurudumu gumu linafuta vilima vyote mpaka usawa wa mabonde. La sponji linabonyea, linafuata umbo lililolikuta: linapanda kilima na kushuka bondeni, likilainisha kote. Mfereji ulioachwa na chembe ya 80, ambayo ni karibu sehemu mbili za kumi za milimita, haufutwi na 600 wala 1200. Unaoshwa kingo, unang'arishwa kitako, kisha unakusubiri juani.

Vipande vitatu vya akiki

Mzee alikataa nisiguse lile jiwe kwanza. Alisema jiwe la mchanganyiko halifai kufundishia, kwa sababu huwezi kujua nani kakosea kati yako na lenyewe. Akanipa bamba la akiki, rangi moja, ugumu mmoja mwanzo hadi mwisho. Nikalikata vipande vitatu.

Kipande cha kwanza nilikikata kwa mwendo wangu wa zamani, bila kubadili chochote. Kikatoka na mikwaruzo ile ile. Hiyo ilitosha kuliondoa jiwe la Longido kwenye lawama, angalau kwa upande wa mikwaruzo.

Cha pili nilifuata mwendo ule ule, ila nilimwaga ndoo na kuisuuza kila nilipobadili gurudumu, na nikaosha jiwe, mikono, mpaka kijiti kilicholishika jiwe. Hapa pakawa na jambo la kufurahisha. Kwenye lupu, kioo cha kukuzia, ya mara kumi niliona kwamba nilichokuwa naita mikwaruzo kilikuwa vitu viwili. Kulikuwa na vifupi vilivyopinda kama mkia wa kiluwiluwi, vimetawanyika bila mpango. Hivyo viliondoka karibu vyote. Na kulikuwa na mirefu iliyonyooka, imelala sambamba. Hiyo ilibaki vile vile. Vya kwanza vililetwa na chembe zilizopotea njia kwenye maji. Ya pili ilikuwa deni la gurudumu la nyuma. Tangu hapo nikiona mkwaruzo kwanza nauliza umbo lake.

Kipande cha tatu kilinichukua siku nzima. Kila baada ya gurudumu nilikausha, nikachukua lupu, nikatazama dirishani. Na kila nilipobadili gurudumu nilibadili mwelekeo: kama kwenye 80 jiwe lilikuwa limelala kwa urefu, kwenye 220 nalilaza kwa upana. Kwa njia hiyo mikwaruzo mipya inaikata ya zamani msalaba, na yoyote inayobaki na mwelekeo wa zamani inajitangaza. Nikagundua kwamba kwenye 220 nilikuwa nakaa dakika mbili mahali panapodai nane au kumi. Kule kwenye kilele nilipitisha vizuri, lakini chini karibu na ukingo nilikuwa nagusa tu.

Kosa moja lilibaki, na hili ni la mashine mpya hasa. Gurudumu la 280, licha ya kuwa la sponji, lilikuwa linachana kuliko 220 iliyolitangulia. Nilidhani naota. Mzee akacheka: gurudumu jipya lina chembe zilizochomoza kuliko wenzake, na hizo ndizo zinazolima. Dawa ni kulivunja ukali kwa jiwe la kutupa kabla ya kulikaribisha jiwe la kazi. Nilitumia karibu saa nzima kusugua vipande vya akiki kwenye 80 na 280, kwa mkono mwepesi, upana wote wa gurudumu, maji mengi. Mwenye duka hakuniambia, na kijitabu kilichokuja na mashine kiligusia jambo hilo kwa mstari mmoja nilioupita.

Kipande cha tatu nilikitoa mlangoni. Kilikuwa safi.

Kilele bapa

Hili lilikuwa la mkono, nalo nitalipita haraka. Nilikuwa naogopa kilele. Kila aliyeanza nadhani anaogopa: ndiko jiwe linakoonekana, basi unagusa pembeni, unagusa pembeni, na uso bapa wa bamba ulioletwa na msumeno unabaki pale juu kama uwanja wa ndege. Nikachora mistari ya kukatizana mgongo mzima kwa ncha ya waya wa alumini, nikarudi 220, nikawa nalizungusha jiwe bila kulisimamisha, kama unavyozungusha hindi juu ya makaa. Kila baada ya muda nalikausha: mahali penye mistari ya waya bado ndipo sijafika. Mistari ya mwisho kufutika ilikuwa ya kileleni.

Jiwe lenye tabia tatu

Sasa lile la mteja. Jiwe hili linajulikana tangu 1954, machimbo ya Mundarara, Longido, na jina lake la anyolaiti limetokana na neno la Kimaasai, anyoli, kijani. Kile kijani ni zoisaiti, yaani madini yale yale ambayo tanzanaiti ya Mererani ni sura yake ya buluu. Nyekundu ni rubi. Nyeusi ni honiblendi. Ni jamaa watatu ndani ya nyumba moja na hawapatani. Kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10, rubi ni 9, zoisaiti inacheza kati ya 6 na 7, na honiblendi iko 5 hadi 6. Na ngazi za kipimo hicho hazilingani upana. Kutoka zoisaiti hadi rubi ni mbali kuliko namba zinavyosema.

Ukilipeleka jiwe la namna hiyo kwenye sponji, sponji inabonyea, inaingia kwenye kijani kilicho laini na kukila, inaizunguka rubi bila kuiumiza. Dakika chache tu rubi inasimama na weusi unazama. Kadiri nilivyosugua kwa bidii ili kuviondoa vile vipele, ndivyo vilivyokua. Usiku mmoja nilisugua kwenye 1200 mpaka lakiri, ile nta inayolibandika jiwe kwenye kijiti, ikayeyuka kwa joto na jiwe likaruka, likapiga ukuta wa trei. Likamenyeka ukingoni.

Hiyo ndiyo gharama nyingine ya kisa hiki. Ili kuondoa pale palipomenyeka nililazimika kuupunguza ukingo wote, na jiwe la 30 kwa 22 likawa 28 kwa 20 na kidogo. Kikombe cha fedha cha kulishikilia nilikuwa nimeshakitengeneza, kwa kipimo cha zamani. Kama sonara nilipaswa kujua kwamba kikombe hufuata jiwe. Nilijua, ila nilikuwa na haraka ya mwenye mashine mpya.

Nililitoa jiwe kwenye kijiti kwa njia ambayo mke wangu hajaizoea: dakika kumi na tano ndani ya friza, kati ya nyama na barafu. Lakiri inasinyaa, jiwe linaachia lenyewe. Nikalibandika upya, safari hii nikilipasha moto polepole juu ya bati, kwa sababu zoisaiti ina nyufa za asili na haipendi kushtuliwa.

Mwendo uliofaa ulikuwa huu. Kazi yote ya umbo, na karibu kazi yote ya kufuta mikwaruzo, niliifanya kwenye magurudumu magumu. Nilikaa kwenye 220 muda mrefu kuliko nilivyowahi, mwishoni nikilishika jiwe kama yai bichi, maana mkono mwepesi hukata kwa chembe za juu tu na kuacha uso laini zaidi. Chini, pale mgongo unapokutana na tumbo, nilikata ukingo mwembamba wa mshazari pande zote. Bila huo ncha kali inamenyeka ovyo, na pia inagombana na kona ya ndani ya kikombe. Kwenye sponji nilipita upesi: sekunde, si dakika, na bila kukandamiza. Nikikuta rubi imeanza kuchomoza narudi nyuma kwenye gumu, sisongi mbele. Nilirudi mara tatu.

Mng'ao wa mwisho haukutoka kwenye mashine kama ilivyoletwa. Niliomba fundi seremala anichongee gurudumu la mbao ngumu, lenye mfuo wa kukaa mgongo wa jiwe, nikalipaka mafuta kidogo na almasi ya kupaka namba 14,000. Mbao haibonyei kama sponji. Almasi inakaa juu yake na kuikata rubi na kijani kwa usawa, au karibu na usawa. Oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia ambao kwenye akiki ni dawa nzuri, hapa niliijaribu kwa ubishi. Rubi haikusikia lolote.

Maji nayaita kwa mara nyingine, maana kuna anayesoma hapa akiwaza kusaga kavu ili aone vizuri. Usifanye hivyo. Vumbi la akiki ni silika, linaingia kwenye mapafu na halitoki. Maji yawepo wakati wa kusaga, jiwe likaushwe wakati wa kutazama; ni vitendo viwili tofauti. Na lile tope usilimwage kwenye sinki. Liache lituame kwenye ndoo, chota maji ya juu, tope likikauka lifunge. Sasa hivi nina ndoo mbili: moja ya magurudumu magumu, nyingine ya sponji, na chupa ya maji safi yenye tundu dogo kwa ajili ya 3000.

Siku ya kumi na tatu

Nililitoa jiwe mlangoni saa kumi ile ile. Mgongo ulikuwa mmoja, mwanga ukipita kutoka ncha hadi ncha bila kukwama. Mikwaruzo hakuna. Rubi, ukipitisha ukucha kwa makusudi, bado unazisikia kidogo sana mahali zinapopakana na weusi, macho hayazioni. Mzee alizisikia. Alipitisha ukucha, akanitazama, akasema "Hm," akanirudishia.

Kuna punje moja ya rubi, ndogo kama ulezi, iliyong'oka karibu na ukingo nilipokuwa narudi 220 mara ya tatu. Imeacha kishimo. Nilipotengeneza kikombe kipya nililigeuza jiwe ndani yake mpaka kishimo kikaangukia chini ya mdomo wa fedha, nikaukunja mdomo juu yake. Mteja alikuja akalipokea, akalivaa hapo hapo, akatoka nalo nje juani. Nilibaki ndani nikizisuuza ndoo.